Tiba ya sindano: miadi ya kwanza

Tiba ya sindano, au akupancha, ni tawi la tiba asilia ya China ambamo sindano nyembamba huchomwa mahali maalumu mwilini, hasa kutuliza maumivu. Mwaka 2010 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa kitamaduni usioshikika. Madaktari wa China walianza kutumwa Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na tiba hii ni miongoni mwa huduma walizokuja nazo.

Siku ya kwanza huanza kwa maswali, na huwa mengi: usingizi, choo, hamu ya kula, hedhi, kuhisi baridi au joto. Kisha tabibu huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono kupima mapigo, mkono mmoja baada ya mwingine, na kumtaka mgonjwa atoe ulimi ili aone umbo, rangi na utando wake. Kwa hiyo ni vyema kutousugua ulimi asubuhi hiyo, wala kunywa kahawa. Mgonjwa ataje ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kama anacho. Tabibu asiyeuliza hayo hastahili kuaminiwa.

Wanaoogopa sindano wajue kwamba hii si ile ya kudungia dawa. Haina tundu, na unene wake ni kama milimita 0.25, ilhali ya kutolea damu hufikia milimita 0.8. Mara nyingi hukaa ndani ya mrija mdogo wa plastiki. Tabibu hugonga kichwa cha sindano kwa kidole, nayo huzama ngozini kabla mtu hajajua. Kinachofuata ndicho huwashangaza wageni: uzito, ganzi au mvuto unaosambaa, kwa mfano kutoka chini ya goti kuelekea mguuni. Wachina huita hali hiyo deqi, na tabibu huitafuta kwa kuizungusha sindano. Maumivu makali ya kuchoma ni jambo jingine; aambiwe tabibu papo hapo. Sindano huachwa dakika 20 hadi 30, mgonjwa akiwa amelala bila kujitikisa. Wengi husinzia.

Kila sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya mgonjwa, itumike mara moja na kutupwa. Kudai hivyo si utovu wa adabu: sindano zilizorudiwa zimewahi kuambukiza homa ya ini aina ya B.

Aliyekuja na njaa anaweza kuzimia, hivyo ale kidogo kabla. Alama ndogo ya damu kuvilia ni kawaida. Tafiti zinaonyesha nafuu kwa maumivu sugu ya mgongo, goti na kipandauso, ingawa tofauti kati ya sindano halisi na za kuigiza mara nyingi ni ndogo. Dawa za presha au kisukari haziachwi kwa sababu ya tiba hii. Ni nadra sindano ya kifuani au begani kutoboa pafu, lakini anayebanwa pumzi saa chache baadaye aende hospitali mara moja.