Mshale wa Kaboni na Mshale wa Babu

Kijana mmoja wa Mpanda alinionyesha katika simu yake Mzungu akilinganisha mishale ya kaboni: huu mwepesi, ule mzito, huu hupinda uachiwapo, ule haupindi sana. Kisha akauliza, "Mzee, babu zetu waliwindaje na vile vijiti vyao?"

Swali zuri. Mshale wa kaboni hupimwa hivyo kwa kuwa hauna kingine cha kuua ila kasi, uzito na makali ya chembe. Ukikosa moyo au mapafu, mnyama amekwenda zake. Hata Wamarekani Saxton Pope na Art Young, walipokuja Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa upinde, walifuatana na mwenzao Stewart Edward White mwenye bunduki.

Babu zetu hawakutegemea uti wa mshale. Chuma kilikuwapo, jirani zetu Wafipa walikiyeyusha katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu. Lakini mauti yenyewe yalitoka mtini. Tazama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hadi leo hupaka chembe sumu ya mimea. Waata wa Tsavo, huko Kenya, walitumia sumu ya msunguti, wakaizungushia ngozi isikauke, na kwa mshale huo waliangusha ndovu. Ukishapenya, kazi iliyobaki ni kufuata nyayo.

Wazungu walilitambua hilo mapema. John Kirk, aliyekuja kuwa konseli wa Kiingereza Zanzibar, alikuwa na Livingstone huko Zambezi. Mswaki wake ukagusana mfukoni na sumu ya mishale; alipopiga mswaki akaonja uchungu, na mapigo ya moyo wake yakabadilika. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza sumu hiyo, ikawa dawa ya moyo kwa miaka mingi.

Na sisi? Gobori lilikwisha kuusukuma upinde kando. Mwaka 1974 Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa, na Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda kwa sumu. Sina ugomvi na sheria hiyo. Mnyama aliyejeruhiwa akatoroka hufa mbali, nyama ikaoza bure. Ila sheria imekataza kuwinda, haikukataza kukumbuka. Uti wa kaboni umeandikiwa kila kitu, hata unene wake. Sumu ya babu imebaki vichwani mwa wazee wachache, nao hawasemi, wasije wakaitwa majangili.

Nilimtuma yule kijana Usevya, kwa babu yake Mpimbwe, akaulize jina la mti. Aliporudi alinieleza kwamba babu alitazama mlangoni kwanza, kisha akauliza, "Nani amekutuma?"