Kazi ya Babu: Historia ya Kuwatoa Watu Pombeni, Homa Bay na Migori

Zamani pombe ya Wajaluo wa Nyanza Kusini, Kenya, ilikuwa na wenyewe. Wazee waliketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na oseke, ule mrija wake mrefu, wakinywa pombe ya nafaka iliyochachushwa kwa kimea. Aliyepitiliza alikanywa papo hapo na wenzake. Chang'aa, pombe ya kukenekwa, iliuvunja utaratibu huo. Ni kali, huuzwa kwa kikombe, na mnywaji hahitaji mzee wa kumkaribisha.

Upinzani wa kwanza ulitoka makanisani. Mwaka 1906 Waadventista walifungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, wakafundisha kwamba muumini hanywi kabisa. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill nao walijenga misheni Asumbi. Baadaye chama cha Pioneer, kilichoasisiwa Dublin mwaka 1898, kikawapa waumini nadhiri ya kutokunywa na beji ya Moyo Mtakatifu ya kuvaa kifuani. Nadhiri iliwalinda wengi ambao hawakuwa wameanza kunywa. Aliyekwisha kunaswa aliapa Jumapili, na Jumatano akaonekana tena kilabuni, sasa akiwa na aibu juu ya kiu.

Fedha taslimu zikaongeza mzigo. Migori kulikuwa na dhahabu ya Macalder, iliyochimbwa tangu miaka ya 1930, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kikaja kiwanda cha sukari cha Awendo. Upande wa Homa Bay, mvuvi hulipwa samaki wakishapimwa ufuoni, na wauza chang'aa wanaijua saa hiyo. Molasi na sukari guru zikawa malighafi ya wapishi. Mwaka 1980 Serikali ilitunga sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Mapipa yakamwagwa, akina mama wakatozwa faini, na mitambo ikahamia kando ya mito, mbali na macho ya chifu. Waliokuwa wakitetemeka kila asubuhi waliendelea kutetemeka.

Njia nyingine ilikuwa imeanza mbali. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, dalali wa hisa Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote walevi, waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mhubiri. Kutokana na mazungumzo yao kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, na baadaye hatua zake 12 za kuacha pombe. Njia hiyo ilifika Asumbi, palepale penye misheni, na kituo chake cha tiba kikawa miongoni mwa vikongwe vya kutibu uraibu nchini Kenya.

Babu yangu alikuwa mtu wa njia hiyo. Mshauri nasaha, watu wakimwita Jaduong', alifanya kazi hiyo mpaka miguu ikamkatalia. Alianza na mwili: mnywaji wa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kuona maruweruwe, hata kuanguka kifafa, kwa hiyo alitaka aonwe na daktari kabla ya kuhubiriwa. Kisha alimwuliza kila mtu anakunywa wapi, na nani, na saa ngapi. Aliuliza kwa sababu ndiko mtu huyo angerudi.

Mgonjwa akitoka kituoni, Babu alimfuata nyumbani. Aliketi na mke, akaketi na kaka, akawaeleza kwamba kuanguka tena ni sehemu ya ugonjwa na si matusi kwa ukoo. Alipita pia kwa mama mpika chang'aa, bila kumkaripia, maana alijua karo ya watoto inatoka kwenye pipa lile. Alichomwomba ni kimoja: asimkopeshe fulani. Wengine walikubali, wengine walimcheka.

Mwaka 2010 sheria iliyopewa na watu jina la Mututho, mbunge aliyeisukuma, iliifuta ile ya 1980, ikaruhusu chang'aa yenye leseni na kuweka saa za kufungua baa. Mwaka 2012 NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ikapewa sheria yake. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, leseni za pombe zikawa mikononi mwa kaunti, na hospitali nyingi pia.

Kwa hiyo Homa Bay na Migori zinapokea ada ya baa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine zinapokea maini yaliyoharibika. Sheria hizi zimeshughulikia chupa zaidi. Kumfuata mtu nyumbani baada ya tiba kumeachiwa makanisa na wazee wenye moyo kama Babu, na wazee hao wanakwisha. Kama kaunti inaweza kumlipa mkaguzi wa kuzungukia baa, inaweza pia kumlipa mshauri wa kuzungukia waliotoka kituoni. Fedha zake zipo kwenye ada hiyohiyo ya leseni.