Aliyehesabiwa Miongoni mwa Wafu

Msomaji mpenzi, ukijaliwa kufika Mnarani, ng'ambo ya kusini ya mkono wa bahari uingiao Kilifi, panda ngazi mpaka juu ya jabali. Hapo utaona magofu ya misikiti miwili, na kaburi lenye mnara, na kisima kirefu kilichochimbwa ndani ya mwamba. Mji huu ulikaliwa tangu karne ya 14 hata mwanzo wa karne ya 17, kisha ukahamwa. Wageni wengi huutazama mnara. Mimi nakuomba usimame kwanza penye kisima, uinamie kina chake, ufikiri jasho la waliokichimba. Kisha igeuzie bahari kisogo utazame bara. Huko ndiko ilikoanza nyika, na katika nyika msafiri wa zamani aliuliza habari za maji kabla hajauliza habari za njia.

Nataka kukusimulia habari ya msafara mmoja ulioingia katika nyika hiyo, na ya mtu mmoja aliyerudi wakati watu walikuwa wamekwisha kata tamaa ya kumwona tena. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, mmisionari wa Kanisa la Uingereza. Kabla hajatia mguu Mombasa, Januari 1844, chombo chake kilitua Takaungu, kusini kidogo ya Mnarani, mahali walipokimbilia baadhi ya Wamazrui baada ya kunyang'anywa Mombasa mwaka 1837. Mwaka 1846 yeye na mwenzake, Johannes Rebmann, walijenga kituo Rabai, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Kilifi, miongoni mwa watu walioitwa Wanyika siku hizo, nasi leo twawaita Wamijikenda.

Lakini usidhani kwamba wageni hawa ndio waliofungua njia za bara. Njia zilikuwapo zamani. Wakamba walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu, na wenyeji wa Rabai na Giriama waliwajua kwa biashara na kwa undugu wa kuchanjana. Walijua ni kilima kipi chenye dimbwi la mvua juu ya mwamba, na ni mwezi gani dimbwi hilo hukauka. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote. Ilikaa vichwani mwa viongozi wa misafara, na kiongozi akifa njiani, sehemu yake ilikufa pamoja naye.

Mmoja wa viongozi hao alikuwa Kivoi, mfanyi biashara mkubwa wa Kitui. Novemba 1849 Krapf alitoka Rabai kwa miguu, akapita nyika ya Taru na kilima cha Maungu, akafika kwa Kivoi. Kivoi alimpokea kwa heshima, akamweleza habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, Krapf akauona kwa macho yake mlima ule tuuitao Kenya. Alipoagana na mwenyeji wake, alikuwa na nia ya kurudi, ili Kivoi ampeleke mpaka mto Tana.

Alirudi mwaka 1851. Mwezi wa Agosti Kivoi aliongoza msafara kuelekea Tana, na Krapf akawa pamoja naye. Walipokuwa hawako mbali na mto, watu wenye silaha waliwashambulia ghafula. Msafara ulitawanyika vichakani. Kivoi akauawa. Krapf alikimbia, akajikuta peke yake katika nchi asiyoijua, hana chakula wala kiongozi.

Kiu ilimsukuma mpaka ukingoni mwa Tana. Alikunywa akashiba, lakini kibuyu hakuwa nacho, na safari ya kurudi ilikuwa ya siku nyingi. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na mengine akayatia ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Alikwenda usiku na kujificha mchana. Maji hayo hayakumfikisha mbali. Kiu ilipomzidi, alisikia kelele za nyani, akafurahi, kwa kuwa alijua kwamba nyani hawakai mbali na maji. Aliwafuata katika bonde la mto mkavu, akakuta shimo walilolifukua mchangani, na ndani yake maji. Kwa hiyo kisima kilichomponya kilichimbwa na wanyama.

Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Safari hii mambo yalikwenda kinyume: mwenyeji alikufa, mgeni akapona. Krapf alipofika kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu vikali. Kwa nini mkubwa wao afe, na mgeni wake arudi mzima? Alihofia kuuawa, akatoroka usiku; njaa na uchovu vikamshinda, akajitoa mikononi mwao tena. Nao, juu ya uchungu wao wote, hawakumwua. Walimwacha aende zake.

Akashuka pwani. Habari za kifo chake zilikuwa zimemtangulia Rabai, maana uvumi wa msiba hauhitaji mpagazi. Basi wazia mshangao wa wenzake na wa wenyeji waliomjua walipomwona yule waliyemhesabu miongoni mwa wafu akitokea njia ya nyika, amekonda, lakini yu hai! Krapf alijaliwa baadaye mkutano mwingine wa namna hiyo. Mwaka 1875 Rebmann, aliyekaa Afrika miaka 29, alirudi Ujerumani akiwa kipofu, akaishi Korntal alikokuwa Krapf. Wazee hao wawili walikaa tena pamoja mpaka Rebmann alipofariki mwaka 1876.

Sasa msomaji, tuifuate na ile njia nyingine, njia ya kwenda Kitui. Huko pia palikuwa na watu waliokuwa wakingoja. Walikuwapo wake na watoto na ndugu wa mtu aliyetoka na msafara, wakitega masikio wasikie sauti za wapagazi. Kwao hakurudi mtu. Ghadhabu yao kwa Krapf tumeisoma katika kitabu chake kilichotolewa London mwaka 1860, na ni rahisi msomaji kuiona kuwa ni ukatili tu. Ukijiweka mahali pao, utaitambua kuwa ni kilio cha wafiwa. Furaha ya Rabai iliandikwa kwa sababu aliyeipata alikuwa na kalamu. Matanga ya Kitui tunayaona kwa mbali, kupitia maneno ya yule yule aliyenusurika.

Kwa hiyo, usomapo habari za safari za zamani, mwulize mwandishi maswali mawili. Nani alimwonyesha maji? Na ni nani katika msafara ambaye hakurudi kwao? Rabai iko bado, na jengo la kanisa la kwanza lina makumbusho yenye jina la Krapf, yafaa ulitembelee. Ukifika, likumbuke na jina la Kivoi, aliyemwonyesha mgeni wake njia ya Tana naye asiirudie.