Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Historia Fupi ya Gharama ya Njia

Atazamaye ramani atadhani kwamba msafiri wa Dodoma kwenda Arusha amekuwa siku zote akipita Chemba, Kondoa na Babati. Ndiyo njia fupi, tena ni sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo Waingereza waliiota kutoka Cape hadi Cairo. Hata hivyo, kwa miongo mingi baada ya Uhuru, abiria wengi walizunguka Morogoro, Chalinze, Segera na Moshi, safari ya karibu maradufu. Hawakuwa wajinga. Vumbi la kiangazi na matope ya masika viliifanya njia fupi kuwa ghali kuliko ndefu. Lami ilipokamilika na barabara kuzinduliwa mwaka 2018, umbali ulibaki ule ule. Kilichobadilika ni gharama. Miaka miwili baadaye, Machi 2020, daraja la Kiyegeya wilayani Gairo lilipokatika na kuifunga barabara ya Dodoma na Morogoro, kila mtu alitambua maana ya kuwa na njia nyingine.

Mtandao wa kompyuta umejengwa juu ya wazo hilo hilo. Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra alibuni kanuni ya kutafuta njia yenye jumla ndogo kabisa ya gharama kati ya sehemu mbili, akaichapisha mwaka 1959. Itifaki ya OSPF, iliyotangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, huitumia hadi leo. Kila kiungo hupewa nambari. Ruta huzijumlisha, na data hufuata jumla iliyo ndogo. Kiungo kikikatika, ruta hupashana habari, hupiga hesabu upya na kuhamia njia inayofuata kwa unafuu.

Swali la kihistoria, na la kisiasa pia, ni hili: nani apange nambari hizo?

Mwaka 1979 wahandisi wa ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, waliziachia mashine zipime ucheleweshaji wenyewe. Kiungo kilipoelemewa, gharama yake ilipanda; ruta zote zikakikimbia kwa pamoja, zikakielemea cha pili, kisha zikarejea kwenye kile cha kwanza. Mwaka 1987 kipimo kilirekebishwa ili gharama isipande wala kushuka kwa ghafla, na isivuke mipaka iliyowekwa. Funzo lilikuwa bayana: nambari inayoyumba huyumbisha mtandao mzima.

Kosa la pili hutokana na ukimya wetu. Kwa desturi iliyoenea, gharama hupatikana kwa kugawanya megabiti 100 kwa kasi ya kiungo, nayo haishuki chini ya 1. Tuchukue mfano wa ofisi ya halmashauri yenye mkongo wa megabiti 1,000 kwa sekunde na kiungo cha mawimbi ya mnara cha megabiti 100. Vyote viwili vitapewa 1. Ruta itagawa mzigo nusu kwa nusu, na mnara utalemewa ilhali mkongo una nafasi tele. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi.

Tiba ni kuandika nambari kwa makusudi: mkongo 10, mnara 100, ili mnara usubiri zamu yake. Lakini kinachohesabiwa ni jumla. Mkongo ukipita viungo 11 vya gharama 10, jumla yake ni 110, na mnara utachukua kazi yote ingawa mkongo ni mzima.

Zaidi ya hayo, lipo jambo ambalo nambari haiwezi kulisema. Februari 2024 nyaya kadhaa, Seacom ikiwamo, zilikatika katika Bahari ya Shamu. Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei, Seacom na EASSy zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kwenye karatasi zilikuwa nyaya mbili zenye majina mawili. Baharini zilipita jirani. Njia mbili zinazoweza kufa siku moja ni njia moja yenye ankara mbili.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma anayesaini mkataba wa njia ya pili hana budi kuuliza: inapita wapi hasa? Inaweza kubeba mzigo kiasi gani ya kwanza ikianguka? Na lini mara ya mwisho tuliizima ya kwanza kwa makusudi, tukaona kinachotokea? Akiba ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu, na mwananchi aliyesafiri nusu siku hadi makao makuu ya wilaya kutafuta namba ya malipo ya Serikali hawezi kuhudumiwa kwa tumaini.