Je, neno 'hello' limetoka Jahannamu?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wazazi wapenzi na wanafunzi wetu, miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa madrasa yetu hapa Bujumbura alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Ulisema ni haramu kwa Muislamu kutamka 'hello', kwa kuwa ndani yake mna 'hell', ambalo kwa Kiingereza ni Jahannamu. Mwisho ukamwamrisha awatumie watu kumi, naye alikuwa ameshawatumia. Tena alikuwa amemkataza mama yake kusema "alo", basi mama wa watu akawa akipokea simu ananyamaza tu, mpaka wengine wanadhani simu mbovu na kukata.

Ujumbe mwingine ulidai kwamba Hello ni jina la mchumba wa Alexander Graham Bell, eti Margaret Hello. Haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na kwa hakika hakuna hata moja lililo kweli. Mke wa Bell aliitwa Mabel Hubbard. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, na walioana mwezi wa Julai 1877.

Bell alizungumza kwa simu na msaidizi wake Watson tarehe 10 Machi 1876, akimwita aje chumbani kwake. Hakusema 'hello'. Yeye alipenda 'ahoy', mwito wa mabaharia wanapoitana chombo kwa chombo, na hakuiacha maisha yake yote. Aliyeipigia debe 'hello' ni Thomas Edison, ambaye naye masikio yake yalikuwa mazito (Subhanallah, tazameni simu imepita mikononi mwa watu gani!). Siku zile simu haikuwa na kengele na waya ulikuwa wazi muda wote, kwa hiyo swali lilikuwa: mtu wa upande wa pili atajuaje kwamba anaitwa? Tarehe 15 Agosti 1877 Edison alimwandikia mwenzake wa Pittsburgh kwamba kengele haitahitajika, kwani 'hello' inasikika umbali wa futi 10 hadi 20.

Neno lenyewe hakulibuni yeye. Lilikuwa limeshachapishwa Marekani katika miaka ya 1820, na lina ndugu zake wakubwa, 'hallo' na 'holla', kelele za kumshtua mtu au kumwita aliye mbali. Wataalamu wa lugha wanazihusisha na mwito wa kale wa Wajerumani wa kumwita mwenye kivuko ng'ambo ya mto. Neno 'hell' lina asili nyingine kabisa, yenye maana ya kufichika. Kufanana kwa herufi si udugu. Sisi wenyewe tuna 'kaa' la moto na 'kaa' wa baharini.

Mwaka 1878 mji wa New Haven, Marekani, ulifungua kituo cha simu kwa ajili ya wateja, na kitabu chao cha Novemba mwaka huo kiliwafundisha watu waanze kwa mwito huo, kwa tahajia ya 'hulloa', na wamalize kwa kusema kwamba hayo ndiyo yote. Mwisho ule ulikufa, mwanzo ukabaki. Wafaransa wakauchukua kuwa 'allô', na ndiyo "alo" yetu hapa Burundi. Waarabu nao wanasema "alo", ingawa simu yenyewe wanaiita haatif, neno la zamani la sauti inayosikika na msemaji haonekani. Na neno letu 'simu' asili yake ni Kiajemi, maana yake waya, hata kama siku hizi waya hauonekani.

Msidhani hofu hii ni ya Waislamu peke yao. Mwaka 1997 viongozi wa kaunti ya Kleberg huko Texas, ambao ni Wakristo, walipitisha kwamba badala ya 'hello' watu waseme 'heaveno', wakitoa 'hell' na kuweka pepo mahali pake. Watu wakaendelea na 'hello' yao.

Nilimfungulia kijana wangu Surat al-Hujurat aya ya 6, inayotutaka tuchunguze habari kabla ya kuwaumiza watu kwa ujinga. Kisha nikamweleza lililo muhimu zaidi. 'Hello' ya anayepokea ni kama kuitikia mlangoni: nipo, nani mwenzangu? Haichukui nafasi ya salamu. Anayepiga ndiye aliyesimama mlangoni, na adabu ya kubisha hodi tumefundishwa katika Surat an-Nur aya ya 27: ruhusa na salamu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Jabir bin Abdillah (r.a.) alibisha kwa Mtume (s.a.w.), akaulizwa ni nani, akajibu kwamba ni yeye, bila kutaja jina. Mtume akalirudia jibu lile kama mtu asiyelipenda. Mara ngapi tunapigiwa, tukiuliza nani tunajibiwa "Ni mimi, hunijui?"

Alhamdulillah, mama yake amerudia "alo" yake. Na kijana akinipigia, hutoa salamu, kisha hutaja jina lake na la baba yake, hata namba yake ninapoijua.

Wabillahi tawfiq.