Misumari Saba ya Kahura

Ukimwona mama aliyejifungua kwa kisu akitembea polepole wodini, mkono tumboni, ujue anachokichunga ni mshono. Kupasua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufunga, na hapo ndipo madaktari walipobishana kwa miaka mingi kuliko unavyodhani.

Juma hili nataka twende Kahura, katika nchi ya Bunyoro, ambayo leo imo ndani ya Uganda. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alimshuhudia mganga wa hapo akimpasua mwanamke wa miaka ishirini hivi, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akaliosha nalo tumbo la mgonjwa. Alipokwisha kumtoa mtoto na kondo la nyuma, aliukamua mfuko wa uzazi mpaka ukanywea, wala hakuushona. Mama akageuzwa ili maji yote yamtoke tumboni. Ndipo kidonda kikafungwa: misumari saba myembamba ya chuma, iliyong'arishwa vizuri, ilipitishwa kwenye kingo zote mbili, na uzi wa mbugu, yaani gome la mti lililopondwa, ukazungushwa juu yake na kukazwa. Ikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, likafuata jani la mgomba lililopashwa moto. Kufikia siku ya sita misumari yote ilikuwa imetolewa. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona.

Wapo watakaosema ni bahati. Mimi sioni bahati katika kazi ambayo hata wasaidizi walijua pa kushika.

Na Ulaya je? Kufunga kwa sindano na uzi wa kuzungusha kulijulikana huko, hasa kwa watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Lakini mfuko wa uzazi, huko nako, kwa kawaida uliachwa bila kushonwa, na akina mama walikufa kwa wingi kwa kutoka damu na kwa vidonda kuoza. Mwaka 1876 Eduardo Porro wa Pavia, Italia, aliona heri aukate mfuko wenyewe ili mama apone. Mwaka 1882, miaka mitatu baada ya Kahura, Max Sänger wa Leipzig ndiye aliyetetea kwa nguvu kwamba ushonwe, kwa nyuzi za fedha na za hariri.

Nyuzi za fedha zina historia chungu. Sifa zilizipata kwa James Marion Sims wa Alabama, Marekani, aliyefanikiwa nazo mwaka 1849 baada ya kuwapasua tena na tena wanawake watumwa bila nusu kaputi. Majina matatu tunayo: Anarcha, Betsey na Lucy.

Kisha Joseph Lister akazitia dawa ya kuua vijidudu nyuzi za utumbo wa kondoo, ambazo huyeyuka zenyewe mwilini. Ulaya iliziacha mwaka 2001 kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe. Je, zilikuwa mbaya kuliko za kiwandani? Utafiti wa CORONIS uliwafuata akina mama zaidi ya 15,000 katika nchi saba, Kenya ikiwemo, ukilinganisha nyuzi hizo mbili, na pia kushona mfuko tabaka moja au mawili. Matokeo yalitoka mwaka 2013: baada ya wiki sita, hapakuonekana tofauti ya maana. Kwa hospitali ndogo ya wilaya hiyo ni habari njema, maana si lazima ione haya kwa uzi ilio nao. Hata pini za kubana ngozi, ambazo humaliza kazi upesi, baada ya upasuaji wa uzazi huachia kidonda mara nyingi kuliko uzi.

Mama wa Kahura, jina lake Felkin hakuliandika. Aliandika kwamba maziwa yake yalikuwa machache siku kumi za mwanzo, rafiki yake akamnyonyeshea mtoto, na kwamba mtoto alikuwa na jeraha dogo begani. Kidonda hicho kidogo kilipona kwa siku nne.