Kigari Kilichovunjwa Bwenini: Historia Fupi ya Vigari vya Mfano



Kwa kawaida kurasa hizi huandikwa habari za waasisi wa shule, walimu wakuu waliopita na ujenzi wa mabweni. Mwaka huu nimemwomba Mhariri aniruhusu nieleze historia ya kitu kinachokaa kiganjani, yaani kigari cha mfano. Wapo watakaocheka kwamba mzee mzima anaandika juu ya vitu vya watoto. Nawaomba wavumilie hadi mwisho, kwani ninalo deni la kulipa.

Sote tuliingia Kidato cha Kwanza tukiwa mafundi tayari. Nani kati yetu hakuunda gari la waya? Tulinyoosha waya wa ua uliokatika, tukaupinda kwa mawe na kwa meno. Magurudumu tuliyapata kwenye vifuniko vya makopo ya dawa ya viatu au nyayo za kandambili. Usukani tuliufunga kwenye kijiti kirefu ili dereva akimbie wima nyuma ya gari lake. Hatukuwa na vipimo vilivyoandikwa, lakini kijana aliyeambiwa aunde basi aliunda basi, na kila mtu alilitambua kuwa ni basi wala si lori.

Huko Uingereza kazi hiyo ilifanywa kwa viwanda. Bwana Frank Hornby wa Liverpool, aliyekwisha kupata sifa kwa vyuma vya kuungaunga vya Meccano na treni za kuchezea, alianza kutoa vigari vya kupamba reli zake. Mwaka 1934 vigari hivyo vikapewa jina la Dinky Toys. Kwa kuwa vilitakiwa kulingana na treni, ukubwa wake ulikaribia sehemu moja ya 43 ya gari la kweli. Kwa kipimo hicho, gari la urefu wa mita 4.3 huwa kigari cha sentimeta 10. Hadi leo wakusanyaji wengi duniani hufuata kipimo hicho cha 1 kwa 43, ambacho asili yake ni reli wala si barabara.

Vigari hivyo viliundwa kwa madini ya zinki yaliyochanganywa na alumini, yakayeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu moja iliweza kutoa maelfu ya vigari vinavyofanana. Ila palikuwa na adui. Risasi kidogo ikiingia katika mchanganyiko, madini huoza taratibu kutoka ndani, kigari kikapasuka na kumeguka kikiwa kimekaa tu kabatini. Vigari vingi vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vimekufa kifo hicho.

Mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Pili alitawazwa, na sherehe hiyo ilizaa mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza lilitokea kwetu. Kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni mwaka huo yalifanyika mashindano ya magari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa jina la Coronation Safari. Hayo ndiyo yaliyokuja kuwa East African Safari Rally mwaka 1960. La pili lilitokea London, ambako kampuni ndogo ya Lesney ilitengeneza mfano wa gari la farasi la Malkia, na mifano zaidi ya milioni moja ikanunuliwa. Faida hiyo iliipa nguvu kazi mpya ya fundi wa kampuni, Bwana Jack Odell. Binti yake aliruhusiwa kwenda shuleni na kitu cha kuchezea ikiwa tu kinaingia katika kiberiti, basi baba akamuundia kijitingatinga cha kushindilia barabara kinachotosha humo. Ndivyo yalivyozaliwa magari ya Matchbox.

Mwaka 1956 kampuni ya Mettoy ikaleta Corgi Toys, zilizotengenezwa Swansea. Vigari vya Corgi vilikuwa na vioo vya plastiki madirishani wakati washindani wake hawakuwa navyo, na mashindano hayo ya viwanda yakafanya kila mwaka kigari kizidi kufanana na gari la kweli: milango ikafunguka, boneti ikainuka, viti vikaonekana.

Sasa nakuja kwenye deni langu. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544, nasi tukazisikiliza habari hizo kwenye redio. Mwaka huohuo Corgi walitoa Volkswagen ya Safari. Wengine mtakumbuka kwamba Volkswagen ilikuwa imeshinda mwaka 1962, ikiendeshwa na Tommy Fjastad. Kigari hicho kilikuwa na gurudumu la akiba juu ya paa, na ukilizungusha, magurudumu ya mbele yaligeuka. Ndani ya boksi lake mlikuwa na kifaru mdogo.

Mwenzangu aliyelala kitanda cha juu yangu alikuja nacho baada ya likizo mwaka 1966, zawadi ya mjomba wake aliyekuwa baharia. Bweni zima lilikiona. Yeye hakuwa mchoyo. Aliniachia nilale nacho usiku mmoja, na kesho yake sikukirudisha. Nilitaka kujua gurudumu la paani linageuzaje yale ya mbele, na gari langu la waya lilikuwa limenifundisha kwamba kila kilichofungwa hufunguka. Nikaenda nacho karakana wakati wa mapumziko, nikagonga sakafu yake kwa msumari na nyundo. Kikafunguka, lakini hakikufungika tena. Mhimili wa mbele ulipinda, na kioo kikapasuka.

Nilificha vipande chini ya sanduku langu. Jioni alipoulizia nikamwambia nilikiacha juu ya kitanda chake. Akatuhumiwa kijana wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa zamu ya kufagia siku ile. Alikata majani wiki nzima kwa kosa langu, nami nilikuwa nikimpita kila siku nikienda darasani. Mwenye kigari alibaki na kifaru peke yake, akakiweka juu ya dirisha mpaka tulipomaliza Kidato cha Nne.

Vile vipande sikuvitupa. Mwaka 1979 nilikuwa masomoni Uingereza, na mwezi Novemba nikasoma gazetini kwamba kiwanda cha Dinky cha Liverpool kimefungwa. Lesney ilifilisika mwaka 1982, na Mettoy ikafuata mwaka 1983. Watoto walikuwa wamegeukia vitu vingine, na kazi ya vigari vya kina ilikuwa ikishikwa zaidi na Wajapani. Tamiya wa mji wa Shizuoka walifikia hatua ya kununua Porsche 911 ya kweli na kuifungua yote ili kigari chao cha plastiki cha mwaka 1976 kisikosee. Niliposoma habari hiyo niliona haya. Wao walifungua gari lao wenyewe.

Katika masoko ya Jumapili nilinunua vigari vilivyovunjika, nikajifunza kwa wazee wa kule. Kichwa cha ribiti hakigongwi, hukerezwa kwa keekee ndogo hadi kitoke. Rangi ya zamani huondolewa kwa dawa, madini yakasuguliwa kwa msasa laini, ikapakwa rangi ya msingi, kisha ikapulizwa rangi yenyewe mara nyingi nyembamba badala ya mara moja nzito. Namba za mashindano hulowekwa majini, zikatelezeshwa mahali pake kwa ncha ya brashi. Mwenye haraka huharibu yote.

Nilitengeneza vigari vya watu wengi kabla ya kuthubutu kugusa kile cha bwenini. Nilinyoosha mhimili, nikatafuta kioo kingine, nikakipaka rangi ile ile. Gurudumu la paani linageuza tena. Nilikimaliza miaka mingi iliyopita, kisha nikakificha tena, maana kutengeneza chuma ilikuwa rahisi kuliko kusema.

Ndugu zangu, wazee walisema mficha uchi hazai. Katika mkutano wetu wa mwaka huu nitakuja na kigari kile katika boksi. Mwenyewe hajawahi kuhudhuria mikutano yetu. Anayejua aliko namwomba amfikishie gazeti hili, na amwambie kigari chake kipo. Na wewe uliyekata majani, nakujua na wewe unajifahamu, kwa kuwa kila mwaka tunakaa meza moja. Safari hii nitaanza kwako.